Ploti kwanza, mtaa baadaye: kisa cha mpishi aliyehamia Malindi

Kuchu, yaani shoga, msagaji au aliyebadili jinsia, anayepanga kuhamia Malindi huanza na swali moja: mtaa gani unatukubali? Mtaa wa namna hiyo haupo Malindi. Zipo ploti, ipo milango, wapo wenye nyumba na majirani, na tofauti kati ya ploti moja na nyingine iliyo hatua hamsini mbele yake inaweza kuzidi tofauti ya mtaa wa Shela na wa Ngala. Kisa hiki kinaonyesha jambo hilo. Kimeshonwa kutokana na hali zinazojirudia, na alama zote za kumtambulisha mtu zimeondolewa. Tutamwita mpishi, kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyomleta na ndiyo iliyomwokoa.

Ni mwanamume wa miaka 26 kutoka Nakuru. Nyumbani walishamjua, na palikuwa hapakaliki tena. Mwezi wa Novemba akapata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya ufuoni, shilingi 18,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa msimu. Akashuka Mombasa, akapanda matatu ya Malindi, safari ya kilomita zipatazo 120 kupitia Mtwapa na Kilifi, akiwa na begi moja na namba ya simu ya kijana waliyefahamiana mtandaoni miezi mitatu.

Kosa la kwanza lilikuwa ile namba. Si kwamba mwenyeji wake alikuwa mtu mbaya. Alimpokea vizuri, wakagawana kodi ya chumba kimoja mtaa wa Maweni, shilingi 4,000, kila mtu 2,000. Lakini mwenyeji alikuwa ameshasemwa pale mtaani kwa miaka miwili, na mgeni anayeingia chumba cha mtu aliyesemwa huirithi sifa yake siku hiyo hiyo, kabla hajajulikana hata anaitwa nani. Mpishi hakupata nafasi ya kujulikana kwanza kama mpishi.

Nyumba yenyewe nayo haikumsitiri. Ilikuwa ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vinatazamana, bafu na choo uani, bomba moja. Paa la makuti, na kuta za ndani haziligusi paa. Aliyezoea nyumba za mawe za bara hukitazama chumba, akaona kina mlango na komeo, akadhani ana faragha. Katika nyumba ya namna hii sauti hupita juu ya ukuta kama moshi. Simu ya usiku inasikika vyumba vyote sita. Ndiyo maana anayekagua chumba anatakiwa ainue macho kwanza: je, ukuta unafika juu? Je, kuna dari? Hapo ndipo ashuke kwenye mlango na dirisha.

Wiki ya tatu ikaja simu kutoka namba asiyoijua. Mtu alidai ana picha zake za faragha, atume 5,000 au picha ziende hotelini. Mpishi akatuma 3,000. Siku tisa baadaye akadaiwa 10,000.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu vitisho vya namna hii ndivyo vinavyowaondoa watu mjini kuliko chuki ya majirani. Ukilipa mara ya kwanza umemwonyesha mdai mambo mawili: kwamba unaogopa, na kwamba unacho. Bei haishuki kamwe. Ila malipo yale yaliacha kitu chenye thamani. Ujumbe wa M-Pesa ulibeba jina ambalo namba ile imesajiliwa. Mdai aliyejificha nyuma ya simu alikuwa amejitaja. Mpishi alishauriwa asijibu tena, asifute chochote, apige skrinshoti za jumbe zote zikiwa na tarehe na namba, azitume kwa mtu mmoja anayemwamini, kisha amtafute wakili kabla ya kwenda kituoni. Kudai mali kwa vitisho ni kosa katika sheria za Kenya, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inaadhibu kusambaza picha za faragha za mtu. Taarifa kituoni ikaandikwa kwa maneno machache: ametishwa, ametakiwa pesa, hii ndiyo namba, hili ndilo jina, hiki ndicho kiasi. Hakuna aliyemuuliza analala na nani, na yeye hakujieleza. Wakili alipompigia mdai akamtaja kwa jina lake kamili, simu zile zilikoma.

Sheria yenyewe inafaa kujulikana jinsi ilivyo, kwa maana watu huiogopa kupita ilivyo, na wengine huidharau. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo lenyewe la ngono, hadi miaka 14. Cha 163 kujaribu, hadi 7. Cha 165 matendo kati ya wanaume, hadi 5. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta cha 162 na cha 165 tarehe 24 Mei 2019. Lakini kuwa shoga, au kusemwa kuwa shoga, si kosa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kumpima mtu sehemu ya haja kubwa kwa lazima ni kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilitokana na watu waliokamatwa Ukunda, huku huku Pwani. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kundi la kutetea haki za mashoga na wasagaji, NGLHRC, lina haki ya kusajiliwa. Ukishikwa, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kunyamaza, ya wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Namba ya wakili iwe kichwani, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Na katika Kaunti hii hii ya Kilifi, Februari 2010, umati ulivamia kituo cha afya Mtwapa kwa uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume. Uvumi mtupu. Anayekuambia Pwani ni watu wapole amesema kweli, lakini hajamaliza.

Mpishi akahama Maweni mwishoni mwa Desemba. Safari hii alitaka usiri kamili: bedsita katika ghorofa, mtaa wa Barani, choo na bafu ndani, ukuta hadi juu. Kodi 8,500, dipositi 8,500, dalali 2,000, tokeni za stima 500. Jumla 19,500, zaidi ya mshahara wa mwezi. Akakopa.

Kwa sikio na jicho, nyumba ile ilikuwa bora. Barani na Ngala kuna wapangaji wengi wa kazi za ofisi, walimu, wauguzi, watu wa bara, na hakuna anayeshangaa kumwona kijana asiye na mke. Ploti kubwa inasitiri. Tatizo lilikuwa kalenda. Malindi huishi kwa misimu. Wageni hujaa Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Kati ya hapo, tangu Aprili, kusi inavuma, mvua ya masika inanyesha, hoteli nyingi hufunga au hubakiza walinzi na watunza bustani. Hoteli ya mpishi ilifunga mwisho wa Aprili. Akapata kibarua kwenye kibanda cha chakula, shilingi 500 kwa siku, siku nne kwa wiki, yaani kama 8,000 kwa mwezi. Kodi peke yake ilikuwa 8,500.

Aprili alilipa. Mei hakulipa. Juni hakulipa. Deni likafika 17,000.

Sasa angalia lilivyofuata neno. Kwa miezi minne msimamizi wa ploti alikuwa amemwona rafiki wa mpishi aliyekuwa akija Jumamosi na kuondoka Jumapili, na hakusema kitu. Wala majirani. Deni lilipotimiza miezi miwili, ndipo msimamizi aliposimama ngazini mbele ya watu akatangaza kwamba "tabia zile" hazitakiwi pale. Walijua tangu mwanzo, ila maneno yalisubiri sababu. Jambo hili tunalisisitiza kwa kila anayehamia: mpangaji kuchu anayelipa tarehe moja husitiriwa hata na asiyempenda, na mwenye deni huanikwa hata na aliyekuwa hajali. Kwa hiyo hesabu ya usalama huanzia kwenye kodi unayoweza kuilipa mwezi wa Mei.

Tarehe 10 Juni alirudi akakuta kufuli jipya mlangoni, vitu vyake vyote ndani.

Mambo mawili alitaka kuyafanya, na yote yangemzidishia balaa. La kwanza, kuvunja kufuli. Hilo lingemgeuza yeye kuwa mshtakiwa wa uharibifu wa mali. La pili, kuandika Facebook jina la ploti na alichotendewa, na hapo angejitangaza mwenyewe kwa mji mzima. Badala yake alipitia njia ndefu kidogo. Alipiga picha kufuli. Akaandika orodha ya vitu vilivyomo: godoro, televisheni, jiko la gesi, visu vyake vya kazi, vyeti. Akakusanya jumbe za M-Pesa za kodi za miezi ya nyuma, ambazo ndizo risiti zake pekee, kwani mkataba wa maandishi haukuwapo. Akaandikisha kituoni kwamba amefungiwa nyumba bila amri ya mahakama, akachukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wakili akamwandikia mwenye nyumba barua ya ukurasa mmoja.

Barua ilisimama juu ya jambo dogo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yake, na sheria inamruhusu kukamata mali ya mpangaji kwa kutumia dalali wa mnada mwenye leseni. Hana ruhusa ya kumfungia mtu nje kwa kufuli lake mwenyewe. Baraza la kodi za nyumba halikuwa njia yake, kwa sababu sheria ya baraza hilo inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho siku hizi ni shida kukipata mjini. Kesi ingekwenda kwa hakimu. Mwenye nyumba hakutaka hakimu, naye mpishi alitaka hivyo hivyo. Wakakubaliana kwa maandishi: dipositi ya 8,500 ikatwe kwenye deni, zinazobaki 8,500 zilipwe 1,500 kila mwezi kuanzia Julai, na mwezi wa mwisho 1,000. Kufuli likafunguliwa siku ya sita. Barua haikuwa na neno hata moja juu ya mapenzi ya mtu. Msimamizi alipojaribu kulileta, wakili alimrudisha kwenye kodi, kila mara.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyodumu. Ilipatikana kwa njia ambayo tungependa angeanza nayo, kupitia kazini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki kwenye kibanda alichofanyia kibarua alikuwa na chumba cha nyuma mtaa wa Muyeye: mlango wake peke yake, bafu ndogo pembeni, ukuta wa matofali hadi kwenye mabati, kodi 5,500. Hakuna dalali. Mpishi aliuza televisheni 7,000, akaongeza pesa za kibarua, akalipa mwezi mmoja na nusu ya dipositi.

Lakini kabla ya kulipa alifika pale mara tatu, na hili ni sharti, hata kama chumba kinagombewa. Mara ya kwanza saa nne asubuhi siku ya kazi, kuona nani hushinda nyumbani. Mara ya pili saa moja na nusu usiku, kuona giza la njia, stima, na vijana wa bodaboda waliopo mdomoni mwa kichochoro, maana hao ndio wanaojua nani ameshuka na nani saa ngapi. Mara ya tatu Ijumaa baada ya swala, mtaa ukiwa nje. Aliangalia bomba liko wapi. Maji ya Malindi hukatika, na yakikatika watu wote hukutana kwenye bomba moja au kwa muuza mitungi. Bomba likiwa mbele ya mlango wako, mlango wako ni baraza. Aliuliza ufunguo wa lango unakaa kwa nani, na kama kuna saa ya kufungwa. Aliuliza mzee wa mtaa ni nani, akaenda kujitambulisha mwenyewe kabla hajaulizwa, na nakala ya kitambulisho mkononi. Tangu utaratibu wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana na kulinda mtaa wao, uanze 2013, mgeni asiyejitambulisha huulizwa, na kuulizwa mbele ya watu ni kubaya zaidi.

Mama mwenye nyumba alimuuliza lile swali. "Mwanangu, una mke?" Akajibu, "Bado, mama. Natafuta maisha kwanza." Jibu hili linatosha. Wengi huvumbua mchumba aliye Nakuru, kisha mchumba huyo huulizwa kila Idi na kila Krismasi, hadi siku anapotakiwa aje. "Bado" haihitaji kulishwa. Kwa anayetaka kuongeza, aongeze kazi: anaingia zamu saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo hulala mapema. Majirani wakishajua ratiba yako ya kazi hawana haja ya kuitafuta ya moyo.

Lipo jambo la lugha ambalo humtisha mgeni wa bara bure. Wiki ya kwanza Muyeye alimsikia mwanamke akiita uani, "We shoga, njoo!" Moyo ukamruka. Pwani, shoga ni mwanamke rafiki wa mwanamke mwenzake, na wakina mama huitana hivyo tangu enzi. Maana ile nyingine ipo pia, na nayo utaitofautisha kwa sauti na kwa nani anamwambia nani. Vilevile ajifunze kuamkia. Kijana anayempita mzee kwenye baraza kwa "sasa" amejitambulisha kuwa hana adabu. "Shikamoo" ni bure, na humsemea mtu siku hayupo. Mwezi wa Ramadhani mpishi alipeleka sahani ya mahamri na kaimati nyumba mbili jirani wakati wa futari. Jirani alipofiwa, alitoa mia mbili na akakaa matangani usiku mmoja. Hakufanya hivyo ili kujificha. Alikuwa anakaa na watu.

Juu ya mitaa mingine tuseme kwa ufupi. Shela ni mji wa kale, njia nyembamba, familia zinazojuana hadi babu. Mgeni wa peke yake ataulizwa ukoo wake kabla ya jina, na tusingemshauri kuanzia huko. Kisumu Ndogo na Maweni ni rahisi kwa kodi na watu wamechanganyika, ila chagua ploti ya matofali, si ya kuta fupi. Casuarina na kando ya Lamu Road kuna nyumba za Waitaliano na wageni wengine, na wengi hudhani uhuru unaoonekana pale ni wa wote. Uhuru ule una pasipoti na tiketi ya kurudi. Anayelala chumba cha watumishi pale yu chini ya mwajiri wake mchana na usiku. Akipoteza kazi amepoteza na nyumba siku hiyo hiyo.

Mwanamke na mpenzi wake wana njia rahisi zaidi ya kuingia, kwa sababu madada wawili kupanga pamoja ni jambo la kawaida, na ngumu zaidi ya kukaa, kwa sababu mwanamke huulizwa ndoa kwa ukali na mlango wake hugongwa na wanaume. Kwa aliyebadili jinsia kikwazo kinakuja mapema, kwenye nakala ya kitambulisho: jina na picha havimfanani. Ni heri mkataba wa nyumba uandikwe na rafiki ambaye kitambulisho chake hakizui maswali, na rafiki huyo afike pale mara moja moja.

Kuhusu kukutana na wenzako, utaratibu ni ule ule mji mzima. Piga simu ya video kwanza. Mkutane mchana, mahali penye watu, wala si nyumbani kwako mara ya kwanza. Kwenye Grindr, programu ya simu ya kukutana, zima umbali usionekane na uweke namba ya siri. Tumia namba ya simu ambayo haijafungamana na jina lako la kazini. Mwachie mtu mmoja jina, mahali na saa ya kurudi. Mombasa kuna makundi yanayowasaidia kuchu kwa miaka mingi, PEMA Kenya na HAPA Kenya, na NGLHRC ina mawakili. Mtafute mmoja wao wiki ya kwanza, ukiwa huna shida bado.

Afya iliyumba mwaka uliofuata. Mpishi alikuwa akipata PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari, kwenye kituo cha afya kilicho rafiki kwa kuchu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, vituo vingi vya namna hiyo nchini vilifunga au vilipunguza huduma, na wateja wakaelekezwa hospitali za serikali. Pale dirishani jina huitwa kwa sauti. Anayeogopa hilo aombe dozi ya miezi mitatu badala ya mmoja, aende asubuhi na mapema, na akiwa ameingia hatarini asisubiri siku ya kliniki: PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hunywewa siku 28.

Hoteli ilimwita tena Julai. Tangu mwezi huo anaweka 3,000 kando kila mwezi wa msimu, kwa ajili ya Mei na Juni. Deni la Barani aliliishiza Desemba, akachukua karatasi iliyosainiwa. Rafiki wa Jumamosi bado huja, sasa kwa tuktuk ya dereva mmoja waliyemzoea, na hushuka mbele ya kibanda cha mama wa samaki, ambaye siku moja alimuuliza mpishi kama huyo ndugu yake anakula pweza.